Pengo la Mama Komba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimealikwa kwenye hafla ya kumuenzi Mama Komba, na mlangoni nikaambiwa niangalie ninapokanyaga kwa sababu sakafuni kuna pengo.

"Pengo gani?" nikauliza.

"Lile aliloliacha marehemu," alisema mlinzi. "Limeonekana leo asubuhi."

Nikaingia. Ukumbi ulikuwa ule wa hospitali, tunaofanyia semina, ila dari lilikuwa la nyumbani kwangu, na doa lake la maji. Katikati ya sakafu palikuwa na shimo lenye ukubwa wa kitanda cha kujifungulia. Viti vya plastiki vilipangwa kulizunguka. Mafundi wawili walikuwa wakimwaga zege humo kwa toroli, na zege lilitumbukia bila kutoa mlio.

"Halizibiki," fundi mmoja alisema.

"Walishatwambia halizibiki," mwenzake akajibu. "Lete toroli lingine."

Mama Komba ndiye aliyenifundisha kazi. Dafroza Komba, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Nilipofika pale nilikuwa sijui hata kushika mkasi. Alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, tukampokea pamoja mtoto aliyetanguliza makalio. Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho utafanya peke yako, Skola." Tukaja kuwa marafiki, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa.

Kila tulipokabidhi zamu asubuhi tulikwenda nyuma ya chumba cha kufulia, tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukanywa chai ya rangi yenye mchaichai alioupanda mwenyewe kando ya bomba. Hakutia sukari. Kikombe cha kwanza hakikuwa cha maneno. Cha pili kilikuwa cha ukweli. Mtoto akitufia, tulikunywa kile cha kwanza kimya, na kwenye cha pili akaniambia nilipokosea na pale ambapo hakuna mtu angeweza kufanya kitu. Hata alipostaafu aliendelea kuja na chupa yake ya chai.

Mwezi uliopita presha ilimpanda nikiwa likizo kwetu Mbinga. Akaletwa hospitali hiyohiyo. Vitanda vilikuwa vimejaa. Wakamlaza kwenye benchi la korido ya wodi yetu, na hapo ndipo alipofia, kati ya mlango wa maabara na ndoo ya taka. Tangu nirudi sijakanyaga nyuma ya chumba cha kufulia.

Basi, tuko ukumbini. Mgeni rasmi ni kipaza sauti. Si mtu aliyeshika kipaza sauti, bali kipaza sauti chenyewe, kimevaa tai.

"Marehemu alikuwa mchapakazi," kinasema. "Alikuwa mcheshi. Alipenda watu wote."

"Hakuwa mcheshi," nasema. "Na kuna watu aliwachukia."

"Marehemu wote ni wacheshi," kinanijibu kwa upole. "Sasa tusimame kwa dakika moja."

Tunasimama. Dakika Moja hajafika. Tunamngoja mpaka miguu inauma. Anaingia akihema, mfupi, suti ya kijivu, anasema ametoka msiba mwingine na kuna mwingine unamsubiri. Anakaa kidogo kwenye kiti cha mbele, anatazama saa ya ukutani, anaondoka kabla hajaisha.

"Tutamuenzi kwa vitendo," kipaza sauti kinatangaza, na watu wanapiga vigelegele.

Vitendo vikaletwa kwenye maboksi. Kila mfanyakazi akapanga foleni achukue kimoja. Daktari mmoja alipata cha kukata utepe. Mhasibu alipata cha kupiga picha na familia. Zamu yangu ilipofika, mgawaji alitikisa boksi, akasikiliza.

"Vimebaki vya kupiga makofi."

"Kile cha kumpa kitanda hakimo?"

Aliingiza mkono mpaka begani, akapekua kwa uangalifu.

"Kimo," alisema. "Ila muda wake wa matumizi umekwisha. Nikikupa nitaulizwa."

Ndipo wakaleta benchi. Wanaume wanne walilibeba kama jeneza. Lilikuwa limepakwa rangi ya samawati ambayo haijakauka, na limefungwa riboni. Kuanzia leo, kipaza sauti kilisema, benchi hili litaitwa kwa jina lake.

"Mimi sikuomba," Benchi likasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaliwa siku nyingi.

Nikachuchumaa karibu nalo. "Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Alisema nini?"

"Alisema nina msumari. Kila mtu husema hivyo. Halafu akataja jina lake, mara mbili, kama mtu anayejitambulisha ofisini."

"Wakamjibu nini?"

"Binti wa zamu alisema, 'Mama, subiri kidogo.' Akapita mbio. Akapita tena mbio. Aliporudi akasimama, lakini hapakuwa tena na wa kusimamiwa."

Binti huyo namjua. Anaitwa Yustina Mapunda, ndiye mgeni kuliko wote wodini. Tangu nirudi likizo, akiniamkia naitikia kwa kichwa huku natazama ukuta.

"Rangi hii inaniwasha," Benchi likasema. "Wangetoa msumari."

Nyuma yangu mafundi walikuwa wamepata toroli kubwa kuliko yote, la kusukumwa na watu sita. Kipaza sauti kiliwaambia wazibe sasa, wageni wanataka kwenda kula. Sikufikiri sana. Nilikaa ukingoni mwa pengo, nikateremka kama mtu anayeshuka kitandani.

Chini ni nyuma ya chumba cha kufulia. Ni asubuhi. Mashuka yanakauka kwenye kamba. Mama Komba amekaa juu ya ndoo, amevaa sare, miguu kaipishanisha kama alivyozoea. Mbele yake kuna vikombe vitatu. Viwili vimejaa. Cha tatu kimenywewa nusu na bado kinafuka.

Nikafungua mdomo nimsalimie. Sikuwa na mdomo. Palikuwa na ngozi tupu, laini, kuanzia puani mpaka kidevuni. Nikakumbuka kwamba ni kikombe cha kwanza. Nikakaa, nikanywa, na chai ilipita vilevile. Ilikuwa chungu. Alikuwa ameiacha jikoni muda mrefu.

Kikombe kilipoisha mdomo ukarudi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda."

"Juu wanakuzibia, mama."

"Nawasikia. Zege lenyewe baya, limejaa mchanga." Akamimina cha pili. "Haya, sema."

"Ulikasirika?"

"Nilikasirika sana," alisema. "Bado nimekasirika. Nimezalisha nusu ya mji ule, Skola, halafu nikafa natazama ndoo ya taka. Ulitaka nikwambie nilisamehe?"

"Hapana."

"Vizuri. Sikusamehe."

Tukanywa. Shuka moja lilidondoka kutoka kwenye kamba, likajikunja lenyewe, likakaa pembeni.

"Nimlaumu nani?" nikamuuliza.

"Wapo wengi, chagua. Wengine wako hapo juu wanapiga makofi."

"Na Yustina?"

Alipuliza chai yake kabla ya kujibu. "Alikuwa peke yake, wodi nzima. Kuna mama alikuwa anavuja damu kule ndani, niliisikia hata sauti yake. Ningekuwa mimi ningepita mbio vilevile."

"Wewe usingepita."

"Ningepita. Na ningekufundisha na wewe upite." Akanitazama. "Yule binti anakunywa chai na nani?"

"Sijui."

"Wodi moja, na hujui?"

"Hana mtu," nikasema. "Lakini mimi siwezi kukaa naye. Nikimtazama naliona benchi."

"Sijakuuliza kama unaweza."

Tone la kwanza la zege likadondoka kwenye bega lake. Alilifuta kwa kiganja kama mtu anayefuta uji wa mtoto. Nikaonyesha kile kikombe cha tatu.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha mtu aliyekuwepo kabla yako. Amekuja usiku huuhuu, kabla wewe hujalala."

"Alikaa wapi?"

"Hapo ulipokaa."

"Hii ni ndoo yangu, mama."

"Hii ni ndoo ya hospitali." Zege sasa lilikuwa linateremka juu ya mashuka, zito, bila mlio. "Ana haraka sana yule. Nilimwambia ni ya moto, hakusikia, akaungua ulimi mpaka machozi yakamtoka. Kampoze. Nenda, wewe, watakumwagia zege nyweleni."

Nilitaka kumshika mkono. Nilishika shuka, na shuka lilikuwa langu, na nje kulikuwa kumekucha.

Nilikwenda kazini. Wodini, Yustina alikuwa ameinama kwenye sinki akikabidhi daftari la zamu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akikinga maji ya bomba na kuyamwagia mdomoni.

"Thikamoo, dada," alisema.

Sikutazama ukuta. "Marahaba. Una nini?"

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu nirudi. Alinitolea ulimi, kama wanavyofanya wagonjwa. Ncha yake ilikuwa imebabuka, nyekundu.

"Ulimi umeungua, dada. Nilijilaza kidogo uthiku, nikaamka uko hivi. Na tangu jana mchana thijanywa kitu cha moto."

Nililosikia kwanza moyoni ni wivu, tena mkubwa. Ulinichukua muda kupita, na haukupita wote.

Nikavuta stuli, nikakaa. Si karibu naye sana.