Karanga za Pembeni

Mimi ni mtu wa kufoka, sifichi. Pale maabara yetu Morogoro, mtu akiacha chupa bila kibandiko nitamsema mpaka saa ya kutoka. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba siku ile sauti ilinikauka, mjue halikuwa jambo dogo.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Bhavesh, mfanyabiashara wa siagi ya karanga hapa mjini, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri majibu. Karanga zenyewe zilitoka kijijini kwetu, juu kule Uluguru, kwa kikundi cha akina mama ambacho mdogo wangu Mwanvita ndiye mwenyekiti wake. Mwaka jana Bhavesh alizikataa zote kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka na karanga. Basi mwaka huu nilipanda mwenyewe hadi kijijini, nikawakusanya akina mama, nikawafundisha kuchambua. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa, zenye ukungu, wekeni pembeni. Nzuri tu ndizo ziingie kwenye gunia. Nilifoka siku hiyo mpaka bibi mmoja akauliza kama nimetumwa na serikali au na shetani.

Kipimo chetu kinafanyika kwenye sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo. Unatia maji ya sampuli, unatia dawa, unasubiri rangi. Wageni hudhani rangi ndiyo sumu. Wapi! Kishimo kikikolea manjano, chakula ni salama. Kikibaki cheupe kama maji, hapo ndipo pa kuogopa. Karanga za kwetu zilikolea vizuri sana. Mashine ikasoma mbili, na mwisho unaoruhusiwa ni kumi.

"Bhavesh, safi kabisa," nikamwambia. "Mwaka huu huna la kusema."

"Nitasema nini tena, dada Mwanahawa? Wewe ukishasema, nani anabaki na la kusema?" Akacheka, nami nikacheka. Nikachukua simu nimpe Mwanvita habari njema.

Mwanvita alipiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Nikamuuliza habari za Hafidhi. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee, mwaka mmoja na nusu, aliyempata baada ya miaka tisa ya mimba kuharibika. Kwetu sisi mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, na mimi ni mama yake mkubwa.

"Hafidhi hayuko vizuri, dada. Tangu Ijumaa anatapika, tumbo limejaa. Zahanati wamempima malaria, hana. Halafu macho yana umanjano. Ila usijali, namkazania uji wa lishe. Asubuhi, mchana na jioni, apate nguvu."

"Lishe ipi?"

"Si ule unga niliokutumia pamoja na sampuli? Wa karanga na mahindi. Wewe si ulitufundisha kuchambua? Basi zile za pembeni hatukutupa hata punje. Tumezikaanga, tumesaga, tumegawana nyumba zote zenye watoto wadogo. Watu wanakuombea dua huku."

Sumukuvu haifi kwa kukaangwa, wala haifi kwa kuchemshwa.

"Mwanvita, usimpe tena! Mwaga huo unga! Unanisikia?"

Simu ilikuwa imeshakatika. Kijijini kwetu mtandao unapatikana karibu na tangi la maji, na hapo penyewe kwa kubahatisha. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga mara sita, mwanamke yule wa kwenye simu ananijibu kwa adabu zake zile zile, nikatamani kumkaba koo.

Nilipaswa kutoka mbio saa ile ile. Sikutoka. Niliuchukua ule mfuko wa unga kabatini, ambao sikuwa nimepata nafasi ya kuupeleka nyumbani Kihonda, nikaupima. Nilijiambia hospitali watataka majibu. Uongo mtupu. Nilitaka nikute nimekosea.

Nilimwaga dawa mezani, nikaanza upya. Na wakati nasubiri, nikakumbuka yale ambayo sikutaka kuyakumbuka. Hata sisi tulikuzwa hivyo hivyo. Karanga nzuri zilishuka sokoni, mbovu zikabaki chunguni, na mama akisema chakula hakitupwi, Mungu anakuona. Nilikula uji huo kwa miaka. Kisha nikasoma, nikavaa koti jeupe, nikasimama mbele ya wanawake wale nikaliwaza gunia la Bhavesh, nisikiwaze chungu. Nikasema wekeni pembeni. Zikishakaa pembeni ziende wapi, sikusema. Mganga hajigangi, lakini huyu mganga hata ndugu zake hakuwaganga.

Mwenzangu Yakobo akaja akainama juu ya sahani.

"Dada, umesahau kutia dawa?"

"Sijasahau."

Vishimo vya unga ule vilikuwa vyeupe pe. Tukaizimua sampuli kwa maji mara ishirini, tukarudia kipimo, ndipo rangi kidogo ikajitokeza na mashine ikaweza kusoma. Mia saba na themanini. Yakobo akasema, "Mungu wangu," akaketi chini. Ilikuwa saa tano na nusu, na Mwanvita humpa mtoto uji wa mchana saa saba.

Bhavesh alikuwa bado yupo anasubiri cheti chake. Alituangalia nyuso, akauliza kuna nini, nikamweleza kwa maneno ambayo hata sijui niliyapangaje. Hakuuliza habari za cheti.

"Gari yangu iko nje," akasema. "Twende."

Tukapita Bigwa, tukapita Kiroka, barabara ikaanza kuwa ya matope. Tairi linateleza, mimi nashika dashibodi kana kwamba ndiyo itakayotufikisha. Kila dakika nachungulia saa. Saa sita. Saa sita na robo. Piga simu, haipatikani. Nilikuwa naogopa kumkuta amekwisha kunywa, naogopa kumkuta amelala na haamki, naogopa hata kukuta watu wamekusanyika uani.

"Anakula tangu lini?" Bhavesh akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," akarudia. Akabadili gia, akaongeza mwendo, na mimi ambaye kwa kawaida ningemfokea dereva nikamwambia aongeze tena.

Gari ilikwama chini ya mlima. Nilipanda kwa miguu, kitambulisho cha kazini kinanipigapiga kifuani, mapafu yanawaka moto. Watu wananisalimia njiani, siitikii. Bibi mmoja nikampita bila hata shikamoo, nikamsikia nyuma akisema kuna watu wakisoma wanasahau walikotoka.

Mwanvita alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hafidhi yuko mapajani, shingo imelegea, macho ya njano. Mdomo umebana, hataki, na mama yake anambembeleza. Kunywa baba, kunywa kidogo upone. Kikombe kilikuwa nusu.

Nilikipiga kikombe kile kwa mkono, kikaruka mpaka kwenye jiwe la kufulia.

"Dada! Una wazimu?"

"Ni sumu," nikasema. Sauti haikutoka sawasawa, nikarudia. "Mwanvita, ni sumu. Unga ule ni sumu."

Alitazama uji uliomwagika, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Sitausahau uso wake.

"Lakini si ulisema tuziweke pembeni?" akasema kwa sauti ndogo. "Tukaziweka pembeni."

Nilimfunga Hafidhi mgongoni tukashuka. Njiani nilimwomba Mzee Mikaeli, mwenyekiti wa kitongoji, apite nyumba kwa nyumba na kuukusanya unga wote. Zilikuwa nyumba kumi na nne. Kwa rehema ya Mungu katika nyumba nyingi watoto walikuwa wameukataa kwa uchungu wa ukungu, na waliokuwa wameunywa waliletwa mjini kesho yake wakapimwa, wakaonekana afadhali. Hafidhi ndiye aliyekunywa mwingi kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa na mama wa kumkazania.

Vijana walikuwa wameshamkwamulia Bhavesh gari, akatukimbiza mjini. Hospitalini daktari alisoma karatasi yangu ya majibu mara mbili.

"Ini limeumia," akasema. "Dawa ya kuiondoa sumu hii hatuna. Tutaushikilia mwili na maji na sukari, tusubiri ini lipambane lenyewe."

Tukasubiri. Siku ya kwanza alikuwa amelala tu, akiguswa anaguna. Ya pili alitapika damu kidogo, mimi nikakimbia kumwita muuguzi. Mwanvita hakulia wala hakusema nami. Nikikaa kulia, anageukia kushoto. Nilikuwa tayari anitukane, anipige, afanye lolote. Alikuwa akihesabu pumzi za mtoto, midomo inacheza, naogopa kumuuliza amefika ngapi.

Siku ya tano asubuhi Hafidhi akafumbua macho akalia. Kilio cha njaa, cha mtoto mwenye haki yake. Muuguzi akacheka, daktari akaja akambonyeza tumbo, akasema hatari kubwa imepita, aanze uji mwepesi wa mchele.

Nilikimbia nyumbani Kihonda. Nilikuwa na mchele wa Dakawa niliokuwa nimeupima mwenyewe, vishimo vyote vimekolea manjano. Nikausaga, nikapika, nikachuja, nikaubeba kwenye chupa ya chai. Nikamimina kikombeni, nikampulizia upoe, nikamsogezea Mwanvita.

Hakukipokea. Hafidhi alikuwa ameshanyosha mikono, analia, anakitaka.

"Nimeupima, mdogo wangu," nikasema. "Wallahi nimeupima kwa mkono wangu."

Mara ya kwanza kwa siku tano akaniangalia machoni.

"Onja wewe kwanza, dada."

Sumukuvu yenyewe haina ladha wala harufu. Kuonja hakumwambii mtu chochote, na hilo nilikuwa nimemweleza mwenyewe tukiwa tumekaa hapo hospitalini, hata kama hakuwa ananijibu. Nikaonja. Akaendelea kunitazama. Nikanywa tena, nikanywa tena, machozi yananitoka, mtoto anapiga kelele za njaa, mpaka kikombe chote kikaisha na mdogo wangu bado hajanyosha mkono.