Lango Jikoni kwa Remei

Nyumba ya Remei iliegemea ukuta wa kale wa mji wa Castellmut kwa ndani. Ya dada yake, Eulàlia, iliegemea ukuta huohuo kwa nje. Kati yao palikuwa na mawe tu, lakini hawakuwa wamesemeshana tangu maziko ya mama yao, walipogombana kuhusu padri gani aitwe.

Masika yale jiko la Remei lilishika ukungu, akamwita Ventura, fundi mwashi, agonge lipu iliyooza. Lipu ikabanduka yote, likatokea tao lenye ncha, limezibwa kwa kifusi na chokaa.

"Mama, hili ni lango la mji," Ventura akasema. "Lile la nne, lililopotea. Wasomi wamelitafuta weee!"

"Walitafute kwingine. Mimi hapa napika."

Ventura akaligusa jiwe moja kwa kidole. Kifusi kilichostahimili mizingiro miwili ya vita na tetemeko kikaporomoka chote. Vumbi lilipotua, Remei akamwona Eulàlia upande wa pili, ameketi mezani, anamenya kitunguu.

"Umenenepa," Eulàlia akasema.

"Nawe umezeeka, dada."

"Watu huanza kwa hodi."

Remei alitazama kifusi, akatazama ufagio wake. "Hodi."

Eulàlia alifikiri kwanza. "Karibu. Vua viatu, nimepiga deki."

Ventura akajifanya anapima tao.

Mtaalamu wa mambo ya kale akaja, akapapasa alama ambazo waashi wa zamani walichonga kwenye mawe, mkasi na ufunguo, akatamka kwamba ni marufuku kuliziba lango. Akina dada wakaafikiana kuweka mlango wenye komeo pande zote mbili. Mchana wakabishana kuhusu chumvi. Jioni kila mmoja akafunga komeo lake kwa kishindo, mwenzake asikie.

Majira ya baridi Remei akasikia kikohozi kupitia mbao. Zamani, kwa unene wa ule ukuta, mtu angeweza kufa upande wa pili naye asijue. Akagonga, komeo la ng'ambo likafunguka polepole mno.

Ilikuwa kichomi. Remei alihamishia godoro lake kule, akamlisha Eulàlia mchuzi wa kuku kwa kijiko mpaka homa ikashuka.

"Mama aliupika vizuri zaidi," mgonjwa akasema siku alipoweza kukaa.

"Kula."

Akala.