Ndevu za Bwana Shauri

Sogea hapa nikutegee. Babu yangu hajaoga tangu azaliwe, lakini ndevu zake zimekwenda kuogelea baharini. Nani huyo?

Fikiri. Usiangalie dari, jibu haliko huko.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Dodoma sitaki, nimeshapewa na wengi, naijua mpaka Chimwaga kule wanakosoma watoto. Nipe Mafia. Haya, nimekwenda Mafia, nimekunywa madafu, nimelala kwenye upepo, nimerudi na jibu: ni beberu. Tena si beberu yeyote. Ni beberu wa mwanangu Masudi, hapa hapa kwetu Kolo, anayeitwa Bwana Shauri kwa sababu anatembea kama mkubwa wa wilaya wa zamani, tumbo mbele na haraka hana.

Sasa kaa vizuri nikueleze ndevu za mbuzi wa milimani zilifikaje baharini.

Masudi ana binti mmoja, Ikram. Mimi humwita mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alikuwa mume wetu sote wawili, na mpaka leo tunagombana nani alipendwa zaidi. Ikram alisomea utalii chuo kikuu, na mwaka wa mwisho wakampeleka Mafia kwa mafunzo ya vitendo, kwenye kambi ya wageni wanaovua samaki kwa kujifurahisha. Tulidhani atakaa mezani aandike majina ya wageni. Kumbe nahodha mmoja, Abubakari, alimpandisha kwenye boti, akamshikisha ufito wa kuvulia, na mtoto wa milimani akarudi likizo kashakuwa mvuvi. Kambi ikamwambia akimaliza mafunzo kazi ipo, ya kuongoza wageni baharini.

Kazi alikuwa anaitaka kama mtoto anavyotaka ziwa la mama. Lakini kwenda bila radhi ya baba yake hakutaka, na baba yake na maji hawapatani.

Hapa niseme kidogo la kuumiza, halafu tuendelee kucheka. Masudi alikuwa na mdogo wake, Abdulrahim, mwanangu wa mwisho. Korongo letu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watoto wanacheza humo. Siku moja mvua ilinyesha huko juu milimani, kwetu jua linawaka, na maji yakashuka bila kupiga hodi. Yakamchukua. Tangu siku hiyo Masudi hatii mdomoni chochote kilichotoka majini, hata dagaa wa dukani. Mimi mama yao nililia mpaka machozi yakanikinai, nikarudi kula dagaa wangu. Yeye hapana.

Basi Ikram akalileta jambo lake wakati wa kula: kazi ya kuongoza wageni wanaovua jodari.

"Huyo jodari ndiyo nini?" Masudi akauliza.

"Samaki, baba. Mnene katikati, mkia kama mwezi mwandamo. Anakimbia kuliko pikipiki."

"Na wewe unamfukuza kwa pikipiki?"

"Namrushia manyoya."

Masudi akaacha tonge mkononi. "Manyoya."

Ikram akatoa kijisanduku. Ndani mlikuwa na ndoano zilizofungwa nywele ndefu nyeupe na nyuzi za kumeta, na kila moja ina macho mawili. Alisema wageni wanaziita flai, maana yake nzi. Mimi nikavaa miwani. Sikuona nzi. Niliona visamaki vyenye ndevu.

"Nywele hizi zinatoka mkia wa mnyama wa Ulaya, kama swala," akasema, "na kambini zimekwisha. Nataka kufunga za kwangu mwenyewe. Asubuhi nimeshika ndevu za Bwana Shauri. Baba, ni zilezile, tena zake ndefu zaidi."

"Ndevu za Bwana Shauri hazinyolewi. Beberu akinyolewa ndevu, majike wanamdharau na kundi linatawanyika. Alisema babu yako."

"Alisema mume wangu?" nikaingilia. "Mbona mimi hakuniambia? Ikram, alikwambia wewe?"

"Hakuniambia, Bibi. Labda ana mke wa tatu."

Masudi akacheka, na hapo ndipo alipojiponza. Akasema, "Waliochora majabali ya Kolo walichora twiga, wakachora na watu. Samaki mimi sijamwona hata mmoja, maana walikuwa na akili. Haya, sikia. Siku utakayomvua huyo jodari kwa ndevu za mbuzi wa hapa, mlete. Nitamla mbele za watu."

"Na ukishamla, baba, utanipa radhi nikafanye kazi huko?"

Masudi akaiweka sawa baraghashia yake, akasema anakwenda kuangalia kama zizi limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nilimwona mwenyewe akilifunga. Swali likabaki pale kwenye mkeka pamoja na makombo.

Ijumaa alipokwenda msikitini, sisi tukaenda zizini. Nilimpa Bwana Shauri mashudu ya alizeti kwenye sufuria, na alipokuwa anatafuna kwa heshima zake, Ikram akapitisha mkasi. Tukakata na nywele kidogo nyeusi za mgongoni. Hakuuliza kitu. Mkubwa akishapewa chakula haulizi.

Fundi baiskeli alituazima jiliwa dogo, kile chuma cha kubania vitu, tukalibana kwenye ukingo wa meza. Ikram akaifunga ndoano humo, akanionyesha. Unazungusha uzi kwanza, ukaze. Unaweka fungu jembamba la nywele nyeupe, unazungusha tena. Nyuzi za kumeta nilizichomoa kwenye mtandio wangu wa harusi, maana harusi nyingine siitegemei. Juu yake nywele nyeusi, kwa sababu visamaki vya baharini vina mgongo wa giza na tumbo jeupe. Ndege akiwa juu hawaoni vizuri, na jodari akiwa chini naye vivyo hivyo. Mwisho shanga mbili kwa gundi, ndiyo macho.

"Yawe makubwa, Bibi. Jodari analenga jicho."

Mimi nimesuka vichwa vya watoto wa Kolo tangu nikiwa mwali, vidole vyangu vikaelewa upesi. Na kama ninavyofanya kwa kichwa chochote, kila fungu nililipaka samli kwanza. Nywele kavu hukatika, nani asiyejua? Zikang'aa kama bibi harusi. Ikram alizipenda, akazipanga kwenye kijisanduku, halafu akachukua moja, akaikata ncha ya ndoano kwa koleo, akaenda kujaribu kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa.

Kurusha kwenyewe ni kitu cha kutazama. Ule mshipi ni mnene na ndiyo wenye uzito, flai haina uzito wowote. Anaupeleka nyuma, anasubiri unyooke wote hewani, halafu anauleta mbele. Ukifanya haraka unajichapa mwenyewe. Nilikaa kwenye kigoda nikawa nampangia: mrushie kuku yule, mrushie ndoo. Ndoo aliipata. Akaupeleka mshipi nyuma tena, na nyuma ndiko alikokuwa anatokea baba yake na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

Ncha ilikwisha kukatwa, lakini kona iliyobaki ilitosha kushika kitambaa. Baraghashia ya Masudi ilitoka kichwani, ikapita juu ya shamba lote, ikatua mbele ya miguu yangu.

Hakuna aliyecheka. Nilijiuma shavu la ndani. Masudi akaja polepole, akaiokota kofia, akaitazama ile flai iliyonasa, akainusa. Halafu akageuka akamtazama Bwana Shauri, kidevu kitupu kama cha karani.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Nani kamnyoa Bwana Shauri?"

"Labda kaajiriwa Dodoma mjini. Wanataka watu nadhifu siku hizi."

Alitaka kukasirika, nakwambia. Lakini wakati uleule Bwana Shauri alitoka kwenda malishoni na majike yote yakamfuata nyuma, hata moja halikubaki. Masudi akasimama akiyatazama mpaka yakaishia vichakani. Akavaa kofia yake na flai ikiwa bado inaning'inia, akaingia ndani.

Ikram akarudi Mafia kumalizia mafunzo. Msimu wa jodari nao ulikuwa unakwisha, kwa hiyo siku alizobakiwa nazo zilikuwa chache. Haikupita wiki, simu ikalia. Alikuwa nahodha Abubakari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, nahodha. Mke mwenzangu anakula vizuri?"

"Anakula. Wasiokula ni jodari. Bibi, hawa samaki wako hawazami. Wanaelea kama majani. Jodari wanapita chini, wanaendelea na safari. Halafu wananukia pilau."

"Ni samli," nikasema.

"Nimejua ni samli. Jana ndege membe alinyakua mmoja akaruka naye, mpaka sasa hajarudi kutushukuru."

Nikasikia Ikram nyuma anacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na mchanga ndani. Akachukua simu. "Bibi, nilizipenda hivyohivyo, hata mimi sikukumbuka kwamba mafuta hayazami. Funga nyingine. Nywele uzioshe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, kisha uzikaushe kabisa. Na chini yake uzungushie waya mwembamba wa shaba, ziwe nzito. Ila fanya haraka, jodari wanahama."

Uzi mtupu bila samli ya kuugandisha ukawa unateleza kwenye ndoano. Bahati Silvano alipita, yule Msandawe wa Farkwa anayetuuzia asali. Akaniangalia ninavyohangaika. "Mama Masudi, unawasuka samaki?"

"Nawasuka. Wanakwenda harusini."

Akanimegea nta ya nyuki, akasema nipitishe uzi tu humo, nywele niziache. Uzi ukashika. Waya niliutoa kwenye redio iliyokufa. Kilichobaki ni nywele, na Bwana Shauri alikuwa hana tena hata unyoya wa dawa. Nilikuwa nalalamika hivyo peke yangu, nikamsikia Masudi mlangoni.

"Kuna yule beberu mdogo," akasema, kama mtu anayezungumza na ukuta. Halafu akauliza, "Kina cha maji huko ni kiasi gani?"

"Sijui. Muulize mwanao."

Hakumuuliza. Lakini jioni nilikuta mkasi umerudishwa mezani na fungu la nywele nyeupe juu yake, limefungwa kwa uzi.

Flai zikaenda kwa basi mpaka Dodoma, zikapanda treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko sijui walizipitishaje. Kwanza tukasikia Ikram kakamata samaki aitwaye kolekole. Halafu nguru, ila nguru ana meno kama msumeno, akakata mshipi akaondoka na ndevu zetu. Halafu kimya. Masudi alikuwa haulizi, ila kila simu yangu ilipolia alikuwa karibu, mara anatafuta jembe, mara anatafuta kikombe.

Jumamosi moja Ikram akashuka kwenye basi la Kondoa na sanduku la barafu begani. Alilifungua uani. Alikuwamo jodari, mgongo wa buluu kama usiku unaoanza, na mapezi ya njano kama maua ya alizeti. Pembeni ya mdomo walimwachia ndoano, na nywele za beberu mdogo zikiwa zimelowa.

Silvano nilimwita awe shahidi. Tukamkata minofu, tukapaka ndimu, chumvi na kitunguu saumu, tukamkaanga kwa mafuta ya alizeti ya Masudi mwenyewe. Ugali wa mtama. Masudi akanawa mikono kama mtu anayekwenda kupigwa sindano.

Alichukua kipande kidogo. Akakitazama. Niliona midomo yake inasema bismillahi, na nilijua hapo katikati yupo pia yule mwanangu mwingine. Akatia mdomoni. Akatafuna muda mrefu.

"Hii ni nyama," akasema.

"Ni samaki, baba."

"Ni nyama. Mwaka nenda mwaka rudi mnakula nyama mnaniambia ni samaki."

Silvano akacheka mpaka akapaliwa. Masudi akachukua kipande cha pili, na cha tatu, na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi na sehemu yangu. Ila lile swali hakuligusa. Ikram naye hakuuliza tena. Alikuwa anakunja kona ya mkeka na kuikunjua.

Tulipokwisha kula, akamwonyesha baba yake picha ya video kwenye simu. Ndege wanazunguka juu ya maji, maji yanachemka kwa visamaki vinavyokimbia. Ikram kasimama mbele ya boti, anarusha, mshipi unanyooka, flai inazama. Anaivuta kwa mkono, haraka haraka. Halafu ufito unapinda mpaka majini, kile kigurudumu cha mshipi kinalia kama cherehani, na mtoto anayumba mbele.

Masudi akairudisha nyuma akaitazama tena. Na tena. Mimi nilidhani anamtazama samaki. Nikainama nione, kumbe kidole chake kiko pembeni, kwenye mkono wa mtu.

"Huyu anayekushika ni nani?"

"Nahodha Abubakari. Anashika mkanda wa jaketi la kuokolea. Kwenye boti yake mtu akisimama mbele na ufito, mwingine lazima amshike."

"Hata wakiwa wamechoka?"

"Hata wakiwa wamechoka, baba. Na mimi nawashika wageni vilevile."

Masudi akamrudishia simu. Akaiweka sawa baraghashia yake, na mimi nikajua sasa anakwenda kuangalia zizi. Hakuinuka.

"Ikram," akasema, "uliniuliza kitu siku ile, nikakuacha hapo hapo ulipokaa. Nenda mwanangu, una radhi yangu. Na huyo nahodha umwambie asikuachie."