Kijimwezi Juu ya Neno Mama

Mchele ule haukupikwa. Ulikaa kwenye sinia la chuma verandani, katika nyumba moja ya Spring Valley, na juu yake Mataji, bibi wa Kihindi mwenye nyumba, aliwafundisha wafanyakazi wake wawili kuandika Kihindi kwa kidole, kama alivyofundishwa yeye utotoni.

Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Wanawe walikuwa wamehamia Uingereza mwaka uliotangulia, 1970, naye alitaka mtu wa kumsomea sala zake kila jioni. Lornah, mpishi wake tangu kabla ya Uhuru, alijua mtu huyo ni nani. Kiti cha msomaji kilikuwa kando ya goti la Mataji, na moyoni alikwisha kukikalia.

Kwa kidole hakuwa na mpinzani. Herufi zake zilining'inia kwenye mstari wa juu kama nguo kwenye kamba, na juu ya neno mama aliweka kile kijimwezi chenye nukta, alama ya sauti inayopita puani. Mataji alizipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Shida ilikuwa kinywa.

"Maang'," alisema Lornah, akilisoma neno hilo la mama.

"Hapana maang'. Wewe nafunga mlango." Mataji aliweka kiganja mbele ya midomo yake. "Pumzi iko wapi? Imekufa. Ipite pua, ipite mdomo, mlango yote wazi."

Muthoni, aliyekuja na mvua za Aprili kufua na kufagia, akajaribu. Sauti ikatoka ndefu, laini, isigonge popote.

"Shabash, beti!" Mataji akapiga makofi. "Vizuri, binti yangu!"

Beti. Lornah alikuwa amemkandia mama yule chapati miaka yote hiyo, amemkanda na miguu wakati wa baridi, na jina lake lilikuwa Lornah tu.

Kiti kikaenda kwa Muthoni.

Kila jioni Lornah alikoroga dengu jikoni, masikio yakiwa verandani. Kila neno lililopita puani mwa mwenzake lilimchoma kama mafuta yanayoruka.

"Usikaze koo, dada," Muthoni alimwambia siku moja, akichukua chai. "Fanya kama unamwita mtu ng'ambo ya mto."

"Wewe ulizaliwa na mafua. Ndiyo maana unaweza."

Muthoni alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Lornah hakuwa ametania.

Alijizoeza peke yake akimenya vitunguu. Maang'. Maang'. Kisha baridi ya Julai ikaja, Muthoni akapata mafua ya kweli, na Lornah akavua aproni, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Alisoma ukurasa mzima. Mataji alisikiliza kwa subira, halafu akamgusa mkono.

"Wewe nagonga kengele mwisho ya kila neno. Kichwa nauma kidogo. Ngoja beti apone."

Lornah alirudi jikoni, akampikia Muthoni chai bila tangawizi, mafua yake yasiwe na haraka ya kuondoka.

Mataji alifariki mwezi wa Septemba, usingizini. Lornah ndiye aliyeingia na chai ya asubuhi, akamgusa, akamkuta baridi. Aliweka kikombe chini, akashika kichwa kwa mikono miwili kama wanawake wa kwao Bungoma, akapiga ukemi. Alidhani atalia "mayi", neno mama la kwao. Likatoka lile la kwenye mchele, refu, kinywani na puani kwa pamoja, na mwisho wake haukugonga kengele. Anayeomboleza hafungi mlango.

Muthoni alikuwa amesimama kizingitini, machozi yakimtiririka.

"Dada," alisema, "umeiweza."

Lornah alimtazama. Mwenye shabash alikuwa amelala pale, hasikii, na hata neno hili la sifa lilikuwa limetoka kinywani mwa Muthoni.

Alikwenda verandani, akausawazisha mchele wa kwenye sinia kwa kiganja, akaandika neno mama, kubwa, toka ukingo hadi ukingo. Muthoni akapiga magoti kando yake. Kijimwezi kilipokwisha kuchorwa, akanyoosha kidole kusaidia.

Lornah aliusukuma ule mkono.

"Nukta niachie," alisema. "Hiyo ni yangu."