Kura ya Mtu Aliyelala Jikoni

Mchana ule Shabnam Kauser alipobisha hodi, Beryl Hargreaves alikuwa anamenya viazi. Alijifuta mikono kwenye aproni, akamzunguka mumewe aliyekuwa amelala sakafuni kati ya jiko na meza, akaenda kufungua mlango.

"Habari za mchana, mama. Natoka kampuni ya kura za maoni. Tunawauliza watu wanawaonaje viongozi wetu, na siku ikifika watampigia nani."

"Ingia, mpenzi, unywe chai. Angalia tu usimkanyage Clifford."

Shabnam aliingia, akamwona Clifford pale chini, akamsalimu. Alikuwa ameshazunguka nyumba nyingi katika mji ule wa Askerdale, na mitaa ya juu alishakutana na wengine wa namna hiyo: mama mmoja kwenye ngazi, mzee mmoja bafuni. Alivuta kiti, akakaa mahali ambapo miguu yake isingegusa bega la mtu.

Clifford alikuwa amekufa Februari. Kifua kilimbana asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu, na Beryl akapiga simu, akaambiwa gari la wagonjwa liko njiani. Zamani lingeshuka tu kutoka hospitali ya kilimani, ambayo unaiona ukisimama kwenye sinki la jikoni. Lakini serikali moja ilipunguza vitanda vyake, iliyofuata ikafunga chumba cha dharura, na zote mbili zilieleza kwamba ni kwa faida ya wagonjwa. Tangu hapo magari yalitoka mji mwingine, ng'ambo ya mlima. Beryl alimlaza mumewe chini, akamwekea mto wa kochi kichwani, akakaa naye kwenye vigae baridi akimwambia wako njiani, Cliff, wako njiani. Jua likapita dirishani, likaondoka. Clifford alikata roho akiwa amemshika mkewe kidole kidogo.

Walimzika Jumanne, mvua ya rasharasha ikinyesha. Watu wakala mikate ya nyama katika ukumbi wa kanisa, wakamsifu marehemu. Beryl aliporudi nyumbani na viatu vyake vimejaa tope la makaburini, alimkuta Clifford amelala palepale jikoni, na ule mto kichwani.

"Si tumekuzika sasa hivi?" Beryl alimuuliza.

"Mmenizika, na shughuli ilikuwa nzuri. Lakini gari tuliliita wenyewe, Beryl. Wakija wakute hakuna mtu, watadhani tuliwapigia kwa mchezo."

Beryl akavua kofia, akabandika maji ya chai.

Clifford alikuwa dereva wa basi maisha yake yote. Aliwahi kulisimamisha basi katikati ya daraja kwa ajili ya mwanamke aliyeonekana anakimbia kwa mbali, na abiria wakamzomea. Alijua kwamba mtu anayekawia ana sababu. Kila alipoamka kutoka katika ule usingizi wake mwepesi aliuliza kama wamefika, na Beryl akamjibu bado kidogo. Usiku alimfunika blanketi. Asubuhi alimsomea gazeti, kwanza habari za mpira, kisha za siasa.

Binti yao, Heather, alikuja kila Jumapili kutoka Sheffield. Aliongea na baba yake akiwa amesimama kizingitini, na koti hakulivua.

"Baba, hao unaowapigia kura tangu ujana wako ndio waliokulaza hapo."

"Si wao, mwanangu. Ni wale wengine."

"Ni wote! Wote, baba! Na wewe ukipewa nafasi utawapigia tena!"

"Sasa nimpigie nani? Nimpigie mbwa wa jirani yetu Trevor?"

Heather alicheka bila kutaka, kisha akatoka nje kwenda kukaa garini. Beryl alimwona kutoka dirishani ameegemeza paji la uso kwenye usukani. Aliporudi mlangoni alimwomba mama yake, kama alivyomwomba kila Jumapili, airudishie halmashauri nyumba yao ya kupanga na ahamie kwake. Beryl alimjibu kwamba hawezi kumwacha baba yake asubiri peke yake.

Basi siku ile Shabnam aliweka kishikwambi chake mapajani, akawauliza wote wawili kwa zamu. Waziri mkuu wa sasa wanamwonaje?

"Amechoka," alisema Clifford kutoka chini. "Mtazame shingo. Mtu akichoka shingo, hata umwongezee mshahara hakusaidii kitu."

"Na kiongozi wa upinzani?"

"Huyo anaongea kama karani wa benki. Lakini karani wa benki kesho utamkuta dirishani kwake. Mimi nampa."

"Na wewe, mama?"

Beryl alikuwa anavikatakata viazi. "Mimi nikiwaona kwenye televisheni naona ndugu wawili wanaouza gari bovu. Mmoja anakuambia injini nzima, mwingine anakuambia ndugu yangu mwongo, njoo ununue kwangu. Na gari ni lilelile."

"Hapa nina kisanduku cha 'sijui'," Shabnam alisema kwa upole.

"Basi niweke humo."

Shabnam alitoka nje kuwapigia simu wakubwa zake, maana hakuwa na hakika kama jibu la Clifford lihesabiwe. Walimuuliza kama jina lake bado limo kwenye daftari la wapiga kura. Limo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuliondoa. Wakamwambia amhesabu, tena amshukuru, kwa kuwa wanaume wastaafu wa kaskazini ni wagumu kuwapata nyumbani.

Wagombea ubunge nao walikuja. Wa chama tawala alichungulia tu, akaacha karatasi yenye picha yake. Yule wa upinzani, Dominic Farrant, kijana mrefu mwenye koti zuri, aliingia hadi jikoni na kupiga goti moja chini. Alimshika Clifford mkono. Alimwambia kwamba jambo kama hili halikubaliki katika nchi kama hii, na kwamba wakiingia wao, gari litafika. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli, kwa sababu baba yake naye alikuwa na ugonjwa wa moyo. Trevor Sugden, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa ameegemea friji akila biskuti.

"Anakuahidi kwa kuwa umelala," Trevor alisema mgeni alipoondoka. "Ungekuwa na miguu ya kumfuata bungeni London, usingemwona hapa."

"Wewe Trevor hujawahi kumwamini hata mkeo."

"Na nilikuwa sahihi, si aliondoka?"

Clifford alicheka mpaka akajishika kifua. Kisha akamtazama Beryl. "Huyu kijana ana mkono wa moto," alisema. "Beryl, nataka nikapige kura."

Siku ya uchaguzi Trevor aliung'oa mlango wa kibanda chake cha bustani, wakamlaza Clifford juu yake, wakamfunika blanketi lenye mirabaraba. Beryl alibandika karatasi kwenye mlango wa mbele: Tumekwenda kupiga kura, tunarudi sasa hivi, tafadhali msiondoke. Clifford alimfanya aisome kwa sauti mara mbili ili ajue kwamba maandishi yanasomeka. Njia nzima alikuwa akigeuza shingo kutazama nyuma, gari lisije likapita wao wakiwa hawapo. Watu waliosimama kwenye foleni ya shule ya msingi walimpisha, kama ilivyo desturi kumpisha mgonjwa.

Msimamizi wa kituo, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, alitaka kitambulisho chenye picha. Beryl alitoa kitambulisho cha wazee cha kupandia basi bure. Mwanamke akaitazama picha, akamtazama Clifford, akairudia picha.

"Uso umepauka kidogo," alisema.

"Amekufa, mama," Trevor akamjibu. "Ulitaka awe ametoka Hispania kuota jua?"

"Nafanya kazi yangu, bwana. Haya, apite."

Walimwinamishia karatasi, wakamshikisha penseli. Beryl aliingia kwenye kibanda cha pembeni. Tangu waoane walikuwa wakija hapa wameshikana mikono, na wakirudi wanapitia samaki na chipsi. Aliyatazama yale majina, akaona ni majina tu, kama ya watu waliokwisha kuhama mtaani. Upande wa pili wa ubao alimsikia mumewe akihema kwa juhudi, akichora alama yake polepole, kwa moyo wake wote. Beryl akaweka alama mahali alipojua Clifford ameweka yake. Hakumpigia kura Dominic Farrant. Alimpigia Clifford.

Farrant alishinda, na chama chake kikaunda serikali. Clifford alilisikiliza tangazo kwenye redio Beryl akimnyoa ndevu, akasema sasa haitachukua muda. Majira ya joto yakaisha. Mbunge mpya alitokea kwenye gazeti akikata utepe wa maegesho mapya ya magari kwenye hospitali ya kilimani, na Beryl aliuruka ule ukurasa alipomsomea mumewe. Siku moja mbunge huyo alikuja jikoni, akapiga goti lilelile, akaeleza kwamba waliokuwapo kabla yao wameacha hali mbaya kuliko ilivyodhaniwa. Clifford alimwambia asijali, anaelewa.

"Barabara ikiwa mbovu dereva hana kosa," alimpoza.

Gari lilikuja Novemba, Alhamisi, Beryl akiwa anatandika kitanda. Alisikia king'ora kikizimwa mtaani, kisha sauti ya viatu vizito. Walikuwa wawili, mwanamke na kijana, wote wana weusi chini ya macho.

"Samahani sana kwa kuchelewa," mwanamke alisema.

"Hamna neno, wanangu, hamna neno," Clifford alisema. Uso wote ulimng'aa. "Ilimradi mmefika. Beryl! Wamefika! Wape watu chai!"

Hawakuwa na muda wa chai. Walimpima, wakamfungia mikanda kwenye machela, wakamwambia amejitahidi sana. Beryl alisimama na mashuka mikononi. Wakati huo ndipo alipotambua kwamba miezi yote ile, pamoja na kumwambia wako njiani, moyoni hakuwahi hata siku moja kutamani waje.

"Naweza kupanda naye?"

"Hakuna nafasi, mama. Tuna mwingine wa kumchukua njiani."

Alitembea pembeni ya machela mpaka ukingo wa barabara akiwa amemshika kidole. Clifford alikuwa akiwapungia majirani. Mlango wa gari ukafungwa. Siku mbili baadaye mbunge aliandika kwenye gazeti kwamba ahadi imetimia, na kwa kweli hakudanganya.

Jumapili Heather alikuja, na safari hii aliingia hadi ndani. Alisimama pale kati ya jiko na meza, akavua koti, akaketi chini kwenye vigae. Mama yake alisogeza kiti karibu naye, wakakaa hivyo bila kuwasha taa. Beryl alipoinuka kwenda kwenye sinki, alizunguka mahali alipolala Clifford, kama alivyozoea.

Ng'ambo ya mlima hospitali ilikuwa imejaa, na magari ya wagonjwa yalipanga foleni uani, mengine tangu kiangazi, injini zikinguruma ili ndani pasiwe baridi. La Clifford lilikuwa karibu na mapipa ya taka. Humo ndani alikuwamo pia yule mama wa kwenye ngazi, na walikuwa wamekwisha kuwa marafiki. Kila siku Beryl alivuka mlima kwa basi na chupa ya chai. Madereva walimruhusu kupanda na kukaa kwenye kile kiti cha kukunja.

"Nilikuambia yule kijana ana mkono wa moto," Clifford alimwambia. "Uchaguzi wa halmashauri ukifika, usiwaangushe."

"Sawa, Cliff."

Siku moja ya Desemba, theluji nyepesi ikianguka, Shabnam Kauser alipanda kwenye lile gari na kishikwambi chake. Alikuwa anapita gari hadi gari. Alifurahi kuwaona, akamrekebishia Clifford blanketi, kisha akaomba radhi kwa kuwa alikuwa na swali moja tu. Kwa jumla, wanaona nchi inaelekea kuzuri au kubaya?

"Kuzuri," Clifford alijibu palepale. "Andika kuzuri. Tazama tulikotoka, tulikuwa sakafuni jikoni. Leo tuko mlangoni pa hospitali, taa tunaziona kwa macho. Huwezi kusema si kitu."

Shabnam alibonyeza. Kisha akamgeukia Beryl, akangoja. Clifford naye alimgeukia mkewe, amejaa imani kama mtoto aliyekwisha kusema jibu lake darasani na sasa anangoja mwenzake aseme lilelile.

Beryl alilifuta dirisha kwa kiganja. Nje kulikuwa na gari lililofuata, na nyuma yake lingine, na geti, na barabara ambako mengine mawili yalikuwa yanakata kona kuja.

"Kuzuri," alisema.

Shabnam alimtazama kidogo, akabonyeza, akashukuru. Alishuka kwa uangalifu kwa sababu ngazi ilikuwa imeganda, akaenda kugonga mlango wa gari la pili.