Hodi katika Ukumbi wa Zege

Hemant alilisimamisha kundi lake kwenye kizingiti. Ukumbi huu ndio aliouweka wa mwisho katika matembezi aliyoongoza ya majengo ya kisasa ya Birmingham. Walikwisha kuona kituo cha reli kilichovikwa chuma king'aacho, na maktaba iliyozungushiwa pete za chuma. Sasa walikuwa kwenye jengo la ofisi la miaka ya sabini, tupu, lililongoja kubomolewa.

"Ukuta ule wa nyuma umepinda," alisema. "Msanii aliuchonga zege likiwa bichi. Ukisema neno hapa mlangoni, linakurudia lote." Alipiga kofi. Kofi likarudi.

"Huyu akiona zege husahau kama ana mke," alisema Harjit, rafiki yake tangu shuleni Kisumu. Kundi likacheka, likatawanyika nje kupiga picha.

Mama Rosine hakucheka wala hakuondoka. Alivaa nyeusi tangu mumewe Ciza, mtu wa Bukavu kama yeye, aliyekuwa akisafisha jengo hili, alipoanguka humo ndani na moyo wake ukasimama. Tangu siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa, na leo ufunguo alikuwa nao Hemant.

"Papa Hemant," alisema, "ndugu za bwana yangu wanataka nitoe matanga, nivue nyeusi. Mi siwezi kama yeye angali humu. Nitabisha hodi mara tatu. Asipoitika, nitajua amekwenda."

"Kitakachorudi ni sauti yako mwenyewe, mama. Usije ukasema sikukwambia."

"Hodi ikirudi, ni ukuta. Ukuta haujui kusema karibu."

Hoja ilikuwa sahihi. Hemant, injinia mstaafu, akasogea pembeni.

"Hodi," Rosine aliita. Ukuta ukairudisha.

"Hodi." Ukairudisha tena.

"Hodi."

Ya tatu haikurudi. Iliingia ukumbini ikapotelea humo, kama jiwe lililotupwa kisimani lisisikike kufika chini.

Rosine alingoja, kisha akashusha pumzi. "Basi amekwenda." Alifungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakitia mkobani, akatoka kuwafuata wengine.

Hemant alibaki na ufunguo mkononi. Zege halichagui. Linalorudisha mara mbili hurudisha na ya tatu, ila kama kuna kitu kimesimama katikati. Alipiga kofi, likarudi. Alipiga jingine, nalo likarudi. Ili jaribio liwe la haki, ilibidi atumie neno lile lile.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya kawaida.

"Karibu, papa," alijibu mwanamume kutoka kule ukutani, taratibu, kwa lafudhi ya Bukavu. "Bibi yangu amekwisha kwenda?"

Hemant aligeuka kuangalia nje.

"Amekwenda," alisema.

"Ni vizuri."

Hemant alitoka kinyumenyume. Rosine alikuwa chini ya ngazi, nywele zake wazi, akitazama barabarani kuona kama basi la kwenda kwao Lozells linakuja.

"Nimekusikia unaita," alisema. "Umejibiwa?"

Katika matembezi yake yote hadi leo, Hemant hakuwahi kumwambia mtu jambo asiloweza kulithibitisha.

"Hapana, mama. Ni ukumbi mtupu."

Akaurudia mlango, akauvuta kwa mikono miwili usigonge, akazungusha ufunguo.

"Unafunga polepole hivyo," Harjit alimtania, "kwani kuna nani amelala?"