Ndoo Sita za Jumatano

Kisima cha Bi Kisima kilikauka mwezi wa pili, naye hakumwambia mtu. Visima vya majirani vilikuwa vimetangulia, kimoja baada ya kingine, tangu mgodi wa makaa ya mawe ulipofikisha mashimo yake chini ya mtaa. Huko chini pampu zilinyonya maji usiku na mchana ili wachimbaji wasizame, na maji ya visimani yakashuka kuyafuata. Mtaa mzima ulilijua hilo. Mgodi peke yake ndio uliokuwa bado unapima.

Ndiyo sababu kila Jumatano asubuhi alikuja mpimaji, baba mmoja mwenye kitambi na pikipiki ya kampuni. Alifunua kisima, akateremsha utepe wenye kidude kinacholia kikigusa maji, akaandika. Kisha aliketi barazani akanywa chai na kusimulia: goti la mkewe, vituko vya bosi wake, paa lake linalovuja. Bi Kisima, mjane, alikuwa na mwana mmoja tu, yuko mbali, na akipiga simu basi ana haraka. Majirani nao waliacha kuja kuteka maji kwake yalipoanza kutoka ya njano na kunuka kutu. Sasa soga zao walizipigia kwenye foleni ya gari la maji, kule mwisho wa mtaa. Kwa hiyo siku sita za wiki bibi wa watu aliongea na cherehani yake, na cherehani haina majibu.

Siku moja mpimaji alisema, huku akipuliza chai, "Kisima kikikauka, mama, tunakifuta kwenye orodha. Haturudi tena."

Wiki hiyohiyo kilikauka. Jumatano iliyofuata, kabla pikipiki haijasikika, Bi Kisima alimwaga kisimani ndoo sita za maji ya gari. Kidude kikalia. Mpimaji akaandika, akanywa chai. Ikawa hivyo wiki tisa, na majirani walipomwona akibeba maji mengi hivyo, walimsifu kwa usafi.

Ndipo akaja msusi wa nyumba ya pili na barua mkononi, macho mekundu.

"Shangazi, mgodi wamekataa kutuvutia bomba tuliloomba. Wanasema kisima chako ndicho kirefu kuliko vyote na bado kina maji, kwa hiyo mgodi haujachukua kitu. Eti vyetu ni vifupi tu. Na gari la maji mwisho wake mwezi huu."

"Mwisho kabisa?"

"Kabisa. Mimi nitawaosha watu nywele kwa mate?"

Bi Kisima alicheka kidogo, kisha akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye ndoo za watoto wa watu.

Jumatano iliyofuata hakumwaga hata tone. Mpimaji aliteremsha utepe, kimya. Akaupandisha, akauteremsha tena. Akachovya kidude kwenye kikombe chake cha chai, kikalia vizuri tu.

"Kizima," alisema, akishangaa.

"Kisima ndicho kisicho na kitu," alisema Bi Kisima. "Tangu mwezi wa pili. Maji uliyopima wiki tisa ni yangu, nimeyamwaga mimi. Andika hivyo, mtaa upate bomba lake."

"Sasa mama, kwa nini?"

"Ulikuwa unakuja."

Mpimaji aliweka kikombe chini. Alikuna shingo, akatazama pikipiki, akamtazama yeye.

"Si ungeniambia tu? Ningekuja hata bila kisima."

"Ungekuja?"

Hakuwa mtu mbaya, na kwa sababu hakuwa mbaya alishindwa kudanganya. "Kazi nazo, mama," alisema mwishowe. "Wananihamishia upande wa pili wa mgodi."

Alijaza fomu mbili, ya kurekebisha vipimo na ya kufunga kisima, akaandika kila neno aliloambiwa, kisha akamwonyesha pa kutia sahihi. Kwa kawaida Bi Kisima aliandika herufi mbili akamaliza. Safari hii alivaa miwani, akaandika majina yake yote matatu, herufi moja moja, bila haraka. Mpimaji alimngoja.